Tifutifu, nyungunyungu, chumvichumvi

Ilikuwa Novemba, Makambako, nami nilikuwa nimejibanza kwenye duka moja la pembejeo nikisubiri mvua ipungue. Akaingia bibi mmoja, kanga kajitanda kichwani, miguu imelowa hadi magotini. Kijana muuzaji akamwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Nipe mbolea."

"Ya kupandia au ya kukuzia?"

Bibi akanyamaza kidogo, kama aliyeulizwa jambo asilolitarajia. "Hizo zote si za mahindi?" akasema. "Mimi nataka ya udongo. Udongo wangu umechoka."

Kijana akacheka, cheko la adabu, akampimia kilo 10 za kupandia. Bibi akalipa, akajitwika, akaondoka na mvua yake. Mimi nikabaki na neno lake, na mpaka leo sijaliweka chini.

Tazama hayo maneno mawili ya dukani. Kupandia, kukuzia: yote ni vitenzi vilivyopewa kiambishi cha kutendea, na kinachotendewa kazi ni mmea. Ya kwanza hutiwa pamoja na mbegu, ya pili hutiwa mche ukishafika magotini. Ni istilahi safi, fupi, za kazi, na sijui nani aliyezibuni lakini namvulia kofia. Zinamwambia mkulima lini na kwa nini, jambo ambalo herufi DAP na CAN za mifukoni haziwezi kumwambia. Ila bibi aligundua pengo. Hakuna mfuko ulioandikwa "ya kulishia udongo". Udongo katika lugha ya duka ni mahali pa kusimamia, kama sakafu.

Na bado mbolea yenyewe ni neno la udongo kabisa. Nikilitamka polepole, mbo-le-a, sikio langu linasikia undugu na bovu na kuoza, na pua yangu inakubali. Neno hili lilizaliwa jaani, nyuma ya zizi, kwenye majani ya mgomba yaliyolundikwa yakafuka mvuke asubuhi. Ndugu zake wote wananuka hivyohivyo. Kuna samadi, iliyotoka Uarabuni, ambako hata leo huitwa hivyo kila kitu kinachotiwa shambani kwa ajili ya mazao, cha zizini na cha kiwandani. Sisi tuliipokea tukaibana, ikabaki mavi ya ng'ombe, mbuzi na kuku. Kuna mboji, yaani majani na miti iliyooza ikageuka kitu cheusi chepesi. Na kuna mbolea vunde, ambayo naipenda kuliko zote, kwa kuwa vunda hiyohiyo ndiyo iliyotupa uvundo na ndiyo iliyotupa kuvundika ndizi. Shina moja la neno limebeba harufu mbaya na utamu wa ndizi iliyoiva. Aliyeunganisha mambo hayo mawili alijua kwamba kuoza na kuiva ni safari moja, tofauti ni nani anayesubiri mwisho wa njia.

Sasa ingiza mfuko wa kiwandani ndani ya ukoo huu. Umeitwaje? Ofisini ni mbolea za viwandani. Redioni, enzi zangu za utoto, zilikuwa mbolea za kisasa, na samadi kwa hiyo ikawa ya kizamani bila kufanya kosa lolote. Kenya utasikia fatalaiza. Lakini mkulima wa Tanzania aliziita mbolea za chumvichumvi, na hapo ndipo nilipoanza kushawishika kwamba mkulima huyo anastahili kiti katika kamati ya istilahi.

Wanaisimu huuita uradidi mtindo huu wa kurudia neno likawa jipya. Maji ni maji, lakini majimaji ni hali ya kulowa. Chumvi ni ya mboga. Chumvichumvi ni kitu chenye sura ya chumvi, punje nyeupe zinazomwagika kwenye vidole, lakini usithubutu kutia kwenye mchuzi. Mkulima alitazama kwa macho akatoa jina. Mwanakemia naye, akija na miwani yake, hana la kumsahihisha, maana katika kemia chumvi ni kundi zima la dutu, na salfeti ya amonia ile tunayoiita SA ni chumvi halali. CAN ni chumvi iliyochanganywa na chokaa. DAP nayo imo. Ni Urea peke yake iliyo nje ya ukoo, na hiyo ina kichekesho chake: Urea ni ileile iliyomo kwenye mkojo. Mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler aliitengeneza maabara bila figo ya mnyama yeyote, na dunia ya sayansi ikatikisika. Kwa hiyo mfuko wa Urea, pamoja na ukisasa wake wote, ni binamu wa zizi.

Nimesema uradidi kwa sababu maneno matatu ya shamba, yote matatu yaliyorudiwa, yamekuwa yakizunguka kichwani mwangu kama kibwagizo: tifutifu, nyungunyungu, chumvichumvi. Moja ni udongo, moja ni mnyama, moja ni mfuko. Nikiyapanga hivyo naona kisa kizima.

Tuanze na tifutifu. Vitabu vya shule vinatufundisha aina tatu za udongo, kichanga, mfinyanzi na tifutifu, halafu vinasema tifutifu ni mchanganyiko wa chembe kubwa na ndogo kwa kiasi fulani. Sawa. Lakini sikiliza neno lenyewe. Linatokana na kutifua: ng'ombe hutifua vumbi, jembe hutifua ardhi. Udongo tifutifu, kwa mujibu wa jina lake, ni udongo uliotifuliwa. Kichanga kinataja chembe, mfinyanzi unamtaja fundi wa vyungu, ila tifutifu inataja kitendo kilichofanyika. Na kitendo hudai mtendaji. Msituni hakuna jembe. Je, ule udongo mweusi unaozamisha kidole umetifuliwa na nani?

Amefanya nyungunyungu. Jina hilo hujaza mdomo, ng zikikokotana kama mwili wake unavyokokotana, pingili kwa pingili. Wavuvi wa ziwani na mitoni humwita chambo, kwa kazi wanayompa, na mtoto aliyetumwa "nenda kachimbe chambo" anajua aende kwenye migomba, si uwanjani. Kuna wanaoita nyungunyungu pia vile vidonda vya kati ya vidole vya miguu msimu wa matope, wakimsingizia mnyama huyu kwamba ukimkanyaga atakudhuru. Maskini. Hana jino, hana sumu, hana jicho.

Ila jina linalomdhulumu zaidi ni lile la vijitabu vya wataalamu, minyoo ya ardhini. Mnyoo kwa Mswahili ni nini? Ni kitu cha tumboni. Mtoto akivimba tumbo hupewa dawa ya minyoo. Mbuzi hunyweshwa dawa ya minyoo. Sasa unamwambia mkulima kwamba shambani kwake kuna minyoo na ni jambo jema. Nimeshuhudia mwanamume mzima akiuliza, kwa nia njema kabisa, dawa yake ni ipi. Hakukosea yeye, limekosea neno. Istilahi ikishabeba ugonjwa, huwezi kuibebesha baraka kwa kuiongezea "ya ardhini" nyuma.

Charles Darwin, ambaye watu wanamkumbuka kwa mambo mengine, kitabu chake cha mwisho alikiandika kuhusu nyungunyungu. Kilitoka London mwaka 1881, na mwaka uliofuata akafa. Aliwafuga ndani ya vyungu nyumbani kwake. Aliwapigia kinanda, hawakujali. Akaweka vyungu juu ya kinanda chenyewe, akabonyeza sauti moja, wote wakazama mashimoni, maana hawasikii kwa masikio bali kwa mtikisiko. Alipima udongo wanaoutoa juu kama kinyesi akaona kwamba sehemu nyingi za Uingereza unazidi tani 10 kwa ekari moja kwa mwaka. Hapo ndipo utifuaji ulipo. Udongo unapita tumboni mwake pamoja na majani yaliyooza, unatoka punjepunje, na nyuma yake unabaki mrija wa shimo ambamo maji na hewa hushuka. (Kwetu Dodoma na nyika nyingine kavu kazi hii kwa sehemu kubwa hufanywa na mchwa, na wakulima wanaochukua udongo wa kichuguu kuutawanya shambani hawakuhitaji Darwin awaambie.)

Huyu mtifuaji ana udhaifu mmoja, na udhaifu huo umejificha ndani ya neno tunalolitumia kila siku pasipo kulichunguza: rutuba.

Rutuba nayo tuliipata kwa Waarabu. Kwao ni unyevu, basi. Mtabiri wa hali ya hewa wa Muscat akitaja rutuba ya leo anazungumzia jasho la shingoni, hazungumzii mashamba. Neno lilipovuka bahari likaingia shambani, likaacha kumaanisha maji likaanza kumaanisha uwezo wa ardhi kuzaa. Kisha likazaa lenyewe: kurutubisha, urutubishaji, virutubisho. Leo kopo la unga wa maziwa limeandikwa "umeongezwa virutubisho", na ukilifuata neno hadi kwao, unga mkavu unajisifu kwamba umelowa.

Lakini sicheki sana. Naamini waliolihamisha neno walikuwa na akili. Mkulima wa pwani aliona kwamba ardhi inayoshika maji ndiyo inayoshika uhai. Palipo na mboji pana unyevu, palipo na unyevu pana mboji, kipi kimetangulia hakuna aliyejali. Na nyungunyungu anaishi kwa rutuba ya Kiarabu na ya Kiswahili kwa pamoja. Hana mapafu. Hupumua kwa ngozi, na ngozi hiyo haipitishi hewa mpaka iwe na majimaji. Ikikauka, anakosa pumzi hali amezungukwa na hewa.

Hapo ndipo neno la tatu linapoingia, na hapo ndipo nampa mkulima wa chumvichumvi heshima yangu yote. Chumvi inafanya nini? Mama yeyote aliyewahi kukausha samaki anajua: inavuta maji. Punje ya mbolea ikimgusa nyungunyungu moja kwa moja humchoma kwa namna hiyohiyo. Jina lilikuwa onyo tangu mwanzo. "Mbolea za kisasa" haikuonya lolote.

Niseme kweli, hata hivyo, kwamba punje si adui mkubwa. Mvua huiyeyusha, chumvi hutawanyika, nyungunyungu huhama akarudi. Madhara yanayodumu huja taratibu kwa mlango mwingine. Mbolea zenye amonia, SA ikiwa mbele kabisa, zikiwa udongoni hugeuzwa na bakteria kuwa naitreti ambayo mmea huila, na katika kugeuzwa huko uchachu hubaki. Naitreti isiyoliwa huoshwa na mvua ikaondoka na kalisi. Mwaka huu kidogo, mwaka ujao kidogo. Udongo unachachuka.

Kituo cha Rothamsted, Uingereza, kimelihifadhi jambo hili kama picha. Tangu 1856 kuna shamba la majani pale lililogawanywa vipande, kila kipande na mlo wake mwaka hadi mwaka. Vile vilivyolishwa salfeti ya amonia bila chokaa vimekuwa vichachu hata kipimo cha pH kikashuka chini ya 4. Aina nyingi za nyungunyungu hazikai mahali ambapo kipimo hicho kiko chini ya 4.5 hivi, nao walihama. Kilichotokea baadaye ndicho ninachokipenda, kama mtu anaweza kupenda msiba: majani yaliyokufa yaliacha kuoza. Yakalaliana juu ya ardhi, tabaka juu ya tabaka, mkeka mzito wa kahawia usio na wa kuuvuta chini. Mbolea iliwekwa, na kitu kilichoipa mbolea jina lake, kule kuoza, kikasimama.

Uchachu wenyewe una shida ya jina. Vitabu vinasema udongo wenye tindikali. Kwa mtu wa Dar es Salaam au Unguja tindikali ni maji ya betri, au ni habari ya polisi ya mtu kumwagiwa usoni. Mwambie bibi wa Makambako kwamba shamba lake lina tindikali, atahama. Kenya wanasema asidi, neno lisilotisha lakini lisilosema kitu kwa asiyesoma kemia. Uchachu unasema. Maziwa huchacha, togwa huchacha, na kila mtu anajua kwamba kitu huchacha taratibu na kwamba kuna dawa ya kupunguza. Ya udongo ni chokaa. Kwa kura yangu, andikeni udongo mchachu.

Nisionekane nimevaa kilemba cha wale wanaosema chumvichumvi ni sumu tupu. Si sumu, na hapa Kiswahili chetu kimetuvuruga kwa neno jingine, kemikali, kapu linalobeba mbolea, dawa ya wadudu na dawa ya magugu kana kwamba ni watoto wa mama mmoja. Mahindi yaliyopata naitrojeni hutoa mabua mengi na mizizi mingi. Mabua hayo yakiachwa shambani badala ya kuchomwa, nyungunyungu anakula vizuri kuliko kwenye shamba lenye njaa. Ukitaka kumwona muuaji halisi, mtafute mrututu. Shaba hiyo ya bluu, iliyopulizwa kwenye mibuni mwaka baada ya mwaka dhidi ya ukungu, haiozi wala haiyeyuki ikapotea. Inajikusanya kwenye udongo wa juu, na nyungunyungu ni miongoni mwa viumbe inaowaumiza mapema. Na mrututu tunauita dawa. Mbolea tumeiita chumvi, sumu tumeiita dawa: nani atamlaumu mkulima akichanganya?

Kuna tafiti nyingi juu ya thamani ya huyu mtifuaji. Nitataja moja. Mwaka 2014 Jan Willem van Groenigen wa Wageningen, Uholanzi, na wenzake walikusanya matokeo ya majaribio kutoka pande nyingi, wakakuta kwamba nyungunyungu wakiwepo mavuno hupanda kwa wastani wa asilimia 25. Wengi huishia hapo kwa furaha. Mimi nimekwama kwenye mstari unaofuata: faida ilikua pale mabaki ya mazao yaliporudishwa shambani, na ilitoweka pale naitrojeni ilipokuwa tele. Maana yake nyungunyungu huongeza mavuno hasa kwa kufungua naitrojeni iliyofungwa ndani ya takataka. Mwaga mfuko, umemnyang'anya kibarua. Mkulima anaona mahindi ni yaleyale, akili yake inamwambia hakupoteza kitu. Ila mfuko hauchimbi mashimo ya maji, na msimu mfuko unapokosekana kwa bei au kwa kuchelewa, yule kibarua wa bure hayupo.

Wakulima wanajua hali hii na wameipa jina bila kumsubiri mtu: shamba limezoea mbolea. Limezoea, kama mtu anavyozoea tumbaku. Husema pia udongo umechoka, udongo umezeeka, udongo umekufa. Ninapowasikia wasomi wakijadili kama "afya ya udongo" ni tafsiri ya kigeni isiyo na mizizi, nashangaa. Afya inadai mwili, na wakulima wetu walishaupa udongo mwili zamani, wakaupa na uchovu na mazoea na mauti. Kilichokosekana ni ofisi kuwasikia. Ofisi ilichukua muda. Mwaka 2006 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja, mkutano ukiwa wa mbolea tu, wakakubaliana kupandisha virutubisho vinavyotiwa shambani kutoka wastani wa kilo 8 hadi kilo 50 kwa hekta kufikia 2015. Mei 2024 wakakutana tena, Nairobi, na jina la mkutano likawa limeongezeka: mbolea na afya ya udongo. Miaka 18 kuongeza maneno matatu. Yule bibi aliyafikia kwenye kaunta ya duka, akisubiriwa na mvua.

Kwa hiyo hukumu yangu, kwa wanaochapa mifuko, vijitabu na kamusi, ni hii. Neno mbolea liachiwe kile kinachooza, kwani ndiyo maana yake na ndicho kinacholisha udongo. Za kiwandani ziitwe chumvichumvi hata kwenye hotuba ya waziri, bila haya. Ni jina sahihi kwa jicho, linakaribia usahihi kwa kemia, na lina busara ya jikoni kwamba chumvi hutiwa kwa kipimo. Mnyoo abaki tumboni.

Nawe msomaji, mvua ikishanyesha siku mbili tatu, nenda shambani na jembe, chimba shimo la upana na kina cha futi moja, pasua mabonge kwa vidole uhesabu nyungunyungu utakaowakuta. Halafu mwulize mzee wa jirani wanamwitaje kwa lugha ya kwao, ulichukue jina hilo na kuliandika.